Usimtafutie Kaka Yangu Mke Mwingine

Chumba cha Ushonaji,
Juu ya Duka la Viatu.
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo, mke wa kaka yangu? Unakula? Usingizi unakuja? Ule mgongo umepungua kuuma, au bado ukiinama unakusumbua? Mama yako naye anaendeleaje na macho yake? Sisi huku hatujambo. Mashine yangu ya zamani imeharibika tena, lakini mwenyewe nimenenepa, Mungu ashukuriwe.

Sasa nikugombeze kidogo. Kaka yangu amenisomea ujumbe wako: kwamba tangu umalize mionzi wewe si mke tena, utabaki kwa mama yako, naye atafute mwanamke mzima aoe. We, nani kakutuma? Kazi ya kumtafutia kaka mke mwingine ni ya wifi, na mimi nimeikataa.

Nakwambia hivi kwa sababu njia hiyo nimeipita. Saratani ya shingo ya kizazi, kama wewe, mwaka wa nne huu. Mlisikia nimepona mkashukuru, nami nikaitikia. Sikumwambia mtu kwamba nilirudi nyumbani mkavu, naumia, na joto linanipanda kama niliyekoma hedhi, nami nina miaka thelathini na tisa tu. Hamu ilikwenda zake bila kuaga. Mume wangu akinishika bega, nakumbuka ghafla nguo za wateja.

Na ujinga wangu sasa, ubaki nao mwenyewe. Siku ya mwisho hospitali nilipewa mfuko wenye vijiti vinne vya plastiki laini, kila kimoja kinene kuliko mwenzake. Aliyenipa alieleza harakaharaka, macho yake ukutani, yangu sakafuni. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikia kitu. Nilipofika kazini nikaona vinanifaa. Chembamba nikasukumia pembe za kola zikae vizuri, kinene nikakizungushia lastiki. Miezi mitano, wifi, na wateja nikawa nawasifia vijiti vyangu.

Mpaka akaja muuguzi mmoja kupimwa sare, akaviona mezani. Akaniuliza taratibu nimevipata wapi, nikamweleza kwa fahari. Hakucheka. Alifunga mlango, akakaa, akaniambia vile ni vya kuingizwa ukeni, kidogo kidogo, pamoja na kilainishi, kuanzia kile chembamba, ili njia isisinyae na kushikana baada ya mionzi. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikacheka mimi, ndipo naye akacheka, hata vipimo hatukumaliza.

Huyo ndiye aliyenirudisha kliniki. Nikapewa vipya, na jeli yake, na mtu wa kuniuliza bila kupepesa macho. Nikaambiwa ukavu na kukosa hamu vinaletwa na matibabu, si kwamba nimeacha kumpenda mtu. Saratani haimrukii mume. Nikiumia nisijikaze, tusimame, maana kuna namna nyingi za kuwa karibu. Sikudanganyi, si kama zamani. Ilichukua karibu mwaka, na ziko siku bado nasema leo hapana. Lakini naisema kwa mdomo wangu, na mume wangu, fundi redio wangu, anaelewa, tunakaa tunapiga soga. Kumbe yeye naye alikuwa anaogopa kunigusa asinitoneshe, mimi nikidhani ananionea kinyaa.

Basi nenda kliniki ya huko, uwaambie waziwazi kwamba tangu mionzi tendo la ndoa linakuuma. Ukiona haya, iandike kwenye karatasi uwape. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi kuzaa tumeshamaliza, lakini hata kupona hakuji kwa kuficha.

Nikwambie na la kaka yangu. Alikuja hapa Ijumaa, akakaa kwenye benchi la wateja, kofia mkononi, mpaka watu wakaisha. Unamjua kwa ubishi, siku hiyo hakubisha. Aliniambia, "Dada, ananiambia nitafute mwanamke mzima. Kwani mimi nilimwambia nani kwamba yeye ni nusu?" Nililia mbele yake, mimi niliyemlea.

Nimemweleza yote niliyokueleza wewe, hata la vijiti. Amekata tiketi, Jumamosi asubuhi atakuwa mlangoni kwenu. Haji kukudai chochote. Atalala sebuleni mpaka useme wewe, na Jumatatu anataka mwende kliniki pamoja. Akigonga, usimtume mama yako. Mfungulie mwenyewe.

Nisalimie mama sana, na dada yako, na yule mpwa wako mwenye maneno mengi. Fundi redio anakusalimu, anasema upone haraka urudi kumtetea kwangu. Mungu akupe nguvu ya mwili na wepesi wa moyo.

Wako akupendaye, asiyetaka wifi mwingine,
Wifi yako, fundi cherehani