Kitambaa Juu ya Amplifaya

Susuni, 9 Juni 2024

Mjukuu wangu Mwikwabe,

Wewe mtoto, njia ya Susuni imeota miti? Tangu tumzike babu yako hujakanyaga hapa. Vifurushi vinakuja, wewe huji. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanung'unika. Hujambo huko Morogoro? Unakula?

Anayeandika ni Winfrida, mke wa baba yako mdogo. Nimemwambia asipunguze neno.

Amplifaya yako imekufa. Ilikuwa inapiga zile nyimbo ulizomrekodi babu yako, yeye na nyuzi za litungu lake, ikanyamaza katikati. Ilinuka kama nywele zilizoungua. Masikio yangu mazito. Kwenye simu ya Winfrida nasikia nzi tu. Nataka mume wangu aimbe. Tuma nyingine.

Bibi yako

Morogoro, 21 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Sijambo, na ninakula. Pole na miguu. Hebu niambie kweli, mlikuwa mmeiweka wapi?

Hapa dukani ninapofanya kazi zipo mbili. Moja nzito, imara, lakini inachemka kama pasi hata ikiimba kwa sauti ya chini. Nyingine nyepesi, inabaki vuguvugu tu. Joto lile, Bibi, ni umeme ulioshindwa kuwa sauti. Zote zinataka nafasi ya kupumua. Chagua, nitaipakia kwenye basi la Sirari.

Kuhusu kuja, sijui. Naogopa kuikuta nyumba kimya.

Mjukuu wako, Mwikwabe

Susuni, 30 Juni 2024

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Miguu bado yangu.

Niliiweka kabatini, nikaifunika kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha maua, na kingine juu yake. Ulitaka nifanyeje? Redio inafunikwa, kochi linafunikwa, sauti ya babu yako ndiyo ikae uchi vumbini? Winfrida alipofika kwenye hayo maneno ya kupumua alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe nimemkaba mume wangu kwa heshima.

Chagua ile nyepesi. Joto ninalo jikoni. Vitambaa nitajifunga kichwani.

Lakini hiyo habari ya umeme ulioshindwa kuwa sauti, ndiyo wewe na vifurushi vyako. Sukari imefika, blanketi limefika, wewe hatukusikii. Na nani kakwambia nyumba iko kimya? Naongea humu kutwa, muulize Winfrida. Unachoogopa ni mimi kulia. Nitalia. Utakaa hapo utulie, nimalize, tule.

Usiipe basi. Ikija peke yake nitairudisha na basi hilohilo, hata kama nitakufa bila kumsikia.

Ukija, pitia kwanza kaburini. Usimwamkie babu yako kwa kunong'ona kama mgeni. Taja jina lako kwa nguvu, ni lake pia. Halafu uingie moja kwa moja jikoni, usibishe hodi.

Bibi yako