Andikeni Mngali Mnacheka

Mpenzi Gachanja,

Salamu kutoka Malindi. Natumai baridi ya Nakuru haijakusahaulisha Kiswahili nilichokufunza. Mimi mzima, na ofisi imejaa wateja.

Jumamosi bado naogelea Kuruwitu na wenzangu. Sasa nafika kwenye boya na kurudi bila kupumzika. Wewe ungekuwa umesimama maji ya magoti, ukijifanya unaokota kombe.

Wiki hii walikuja Mbeyu na Adhiambo, wale wenye mkahawa kule Dabaso. Wanataka kufungua wa pili. Nikawauliza, wakitengana, jina la mkahawa litabaki na nani. Wakacheka. "Sisi ni ndugu, wakili." Nikawaambia ninalowaambia wote: andikeni mngali mnacheka, maana mkishanuna hamtaandika, mtashtakiana. Nikawaandikia mkataba, wakatia sahihi. Walipokuwa wanatoka, Mbeyu akageuka mlangoni: "Na wewe na mchumba wako, mmeandika?"

Siku ile uliposema kwenye simu kwamba tukioana nifunge ofisi nikufuate Nakuru, nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Nilikuwa nimenuna.

Leo sijanuna, kwa hiyo naandika. Nakupenda, nitaolewa na wewe, na ofisi niliyoianza kwa meza ya kuazima haifungwi. Kazi ya uhasibu ipo hata Malindi, nimeshakuulizia. Ukikubali, tia sahihi hapa chini, kisha barua hii uilete mwenyewe. Ukikataa, kaa nayo.

Wako,
Kahaso Mwambire, wakili

Nami nimekubali: ..............................