Wimbi Lililofika Saa Nne Asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na ile cherehani mpya imeshakuzoea. Mama anaendeleaje na macho yake? Wifi je, na wale mapacha wenu wasiotulia? Mimi ni mzima wa afya na nakula vizuri, ila tangu Jumanne usingizi umenikimbia kwa furaha. Kata uzi kwanza, ukae vizuri, ndipo usome.

Hupendi kunitania kwamba nalipwa kusubiri kitu kisichoonekana? Basi kimekuja, Kaka!

Kwa kuwa hujawahi kufika hapa kazini, acha nikueleze. Tuna mabomba mawili, kila moja kilomita nne, yamekutana kwenye kona kama ile rula yako ya pembe. Ndani hakuna hata hewa. Kuna mwanga wa leza tu, unakwenda na kurudi kati ya vioo, na vioo hivyo ndivyo mimi ninavyovitunza visitikisike hata lori likipita barabarani. Vitu vizito mno vikigongana huko mbali angani, nafasi yenyewe, ile iliyo kati ya vitu vyote, hutikisika, ikajivuta na kujirudi kama kitambaa cha kuvutika, na mtikisiko huo husafiri mpaka kwetu. Ukifika, bomba moja hurefuka na jingine hufupika, kwa kiasi kidogo kuliko chembe yoyote unayoweza kuiwaza.

Sasa, mtikisiko huo, yaani nguvu ya mvuto, husafiri kwa kasi gani? Tuna mtaalamu mmoja wa hesabu hapa, tunamwita Mzee Mwendo kwa sababu tangu ujana wake swali hilo halimtoki mdomoni. Husema jua likitoweka sasa hivi, dunia itaendelea kulizunguka pengo lake kwa dakika nane na ushee bila kujua kwamba limekwenda, maana mvuto nao huchukua muda kufika, sawasawa na mwanga. Kwenye karatasi ilikuwa hivyo. Kuthibitisha jambo hilo ndiko kulikomzeesha.

Mwaka jana tulinasa wimbi, yaani mtikisiko kama huo. Mzee Mwendo alilia mbele yetu sote. Wiki sita baadaye Mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka hovyo, akafungua bahasha na kutusomea kwamba wimbi lile lilikuwa la bandia: mmoja wetu aliagizwa aliingize kwenye mitambo kwa siri na kuliandika kwenye karatasi ya bahasha hiyo, tupimwe kama tuko macho. Jina la mtu huyo hakulitaja. Mzee alifuta miwani, akasema sawa, akatoka. Tangu siku ile hakushangilia kitu.

Basi Jumanne hii, saa nne na dakika chache asubuhi, mitambo ikalia. Fundi wa kompyuta akaigeuza mistari iliyochorwa na mitambo kuwa sauti, tukasikia mluzi unapanda, unapanda, kama dakika moja na nusu, kisha kimya. Tukaanza kutazamana. Mzee Mwendo hata hakuinuka. Alisema safari hii yeye haingii mtegoni, akaendelea kunywa chai yake.

Haikupita saa moja, simu ikaja kutoka kwa wenzetu wenye chombo kinachozunguka huko juu: wameona mwako mkali sekunde mbili tu baada ya wimbi letu. Ni nyota mbili zilizokufa, ziligongana miaka zaidi ya milioni mia moja iliyopita! Fikiria, Kaka: mwanga na mvuto imetoka pamoja, imesafiri miaka yote hiyo, ikapishana mlangoni kwa sekunde mbili. Mmoja ungekuwa mvivu kuliko mwenzake kwa sehemu moja katika milioni, ungechelewa zaidi ya miaka mia. Bisibisi ilinidondoka.

Bado Mzee akasema miako ya namna ile hutokea karibu kila siku, labda imesadifu tu. Akataka bahasha ya safari hii ifunguliwe palepale. Mkuu akaileta, uso wake kama wa mtu anayekwenda kuzima sherehe. Akaipasua. Akaitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna kitu. Ni tupu."

Kaka, watu wazima walipiga kelele kama watoto wanaotoka shule! Mzee Mwendo akasimama, chai ikamwagikia mahesabu yake, wala hakuiona. "Kilomita laki tatu kwa sekunde," akasema. "Sawa na mwanga. Sawa kabisa." Akalia tena.

Sasa nikuambie lililo moyoni, na sehemu hii Mama usimsomee. Yule mtu wa siri ni mimi. Wimbi la bandia la mwaka jana nililiingiza mimi, na Jumanne hii niliagizwa tena. Saa nne kamili nilikuwa peke yangu, kidole kiko juu ya kitufe. Nikamkumbuka Mzee akifuta miwani, mkono ukakataa. Nikaliacha agizo la Mkuu wangu, nikaifunga bahasha bila kuandika kitu, nikaenda kuchemsha maji. Hayajachemka, mitambo ikalia! Ningebonyeza, la bandia na la kweli yangechanganyika, tusijue lipi ni lipi. Ndiyo maana Mkuu aliigeuza ile karatasi: yeye alijua ilipaswa kuwa imeandikwa.

Jioni nilikwenda ofisini kwake nikakiri. Alinisema nikasemeka. Alisema safari hii ujeuri wangu umeangukia pazuri, lakini mtu anayejichagulia agizo la kutii hakabidhiwi bahasha. Amenivua kazi hiyo na kunipa barua ya onyo. Sikubisha, ana haki. Kisha nikamfuata Mzee Mwendo, nikamwambia yote. Alivua miwani, akaifuta. Halafu akasema, "Kumbe ni wewe uliyeniliza mara zote mbili," akanisogezea kiti, akaanza kunionyesha mahesabu yake yaliyolowa.

Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na Wifi umwambie gauni alilonitumia nililivaa Jumanne hiyo hiyo. Mapacha waambie shangazi yao amesikia nyota zikigongana, na kwamba zilipiga mluzi. Wakikataa kuamini usiwalazimishe. Hata sisi ilibidi tufungue bahasha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Vioo