Kwenda na Kurudi

Soy, Septemba 1951

Kwa Dada Nabwire mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. Ngano imeanza kugeuka rangi, na yule kuku uliyenipa ametotoa.

Juzi nilipanda basi kwenda Eldoret, au Sisibo kama alivyopenda kuuita marehemu kaka yako. Ukungu ulifunika mashamba, ikawa kama basi linaelea. Niliketi pale petu, nikaacha kiti cha dirishani kwa sababu kilikuwa chake.

Unakumbuka alivyomjibu kondakta Kipyego kuhusu tikiti? "Ya kurudi pia! Kwani mimi ni wa kulala Sisibo?" Watu walicheka kila safari kama wanaisikia mara ya kwanza. Sasa amelala huko, kwenye makaburi ya mji.

Kipyego alinifikia, akauliza kwa mazoea, "Wawili, Mama?" Kisha akavua kofia.

"Mmoja tu, kijana wangu."

"Kwenda na kurudi?"

Niliwaza barua yako, kwamba nihamie kwenu Kimilili, nyumba iko tayari. Niliwaza pia ingekuwa rahisi kuketi pale kaburini, nisiondoke tena.

"Ya kurudi pia," nikasema. "Kwani mimi ni wa kulala Sisibo?"

Kipyego alicheka huku akifuta macho.

Basi Dada, nyumba hiyo mpe mwingine. Kimilili ni mbali. Kutoka hapa naenda kumwona asubuhi, na jioni narudi kufungia kuku.

Wabusu watoto.

Mimi mke wa kaka yako,
Musimbi