Makofi Yale Hayakuwa Ridhaa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, popote alipoketi anaposomewa maneno haya. Kama amekaa nyuma kabisa na akina mama wenzake, naomba asogee mbele. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona, kazi ya kufundisha inaendelea, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wananizeesha kwa bidii wasiyoionyesha kwenye mitihani. Natumaini goti lako limekubali kukunjika tena, na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Niambieni kama ni ndama jike.

Baba, barua hii nimekuandikia wewe, lakini si yako peke yako. Siku ya mkutano mkuu wa kijiji, naomba umkabidhi kaka Elia aisome kwa sauti mbele ya watu wote. Najua kaka ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na najua hatayapenda yaliyomo. Ndiyo maana nimemchagua. Sauti yake hufika mpaka benchi la mwisho kanisani bila kipaza sauti, tena ni mwaminifu: akiahidi kusoma, haruki mstari. Kaka, ukifika mahali pagumu, kunywa maji, kisha uendelee.

Wazazi wangu na ndugu zangu mliokusanyika, nawaamkia kila mmoja kwa heshima yake. Mimi ni Yunisi, binti wa mzee Nathanaeli wa kitongoji cha Minyaani, katika ile nyumba ya tembe, ya udongo mpaka paa, iliyo kando ya njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni. Ukuta wa nyumba hiyo sasa una alama ya X kwa rangi nyekundu. Picha yake nimetumiwa kwenye simu, nikaitazama nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa.

Nimeelezwa kwamba halmashauri yetu ya kijiji ina maoni. Maoni hayo ni kwamba eneo lote kuanzia barabara kuu mpaka lamboni lipimwe. Sehemu ya juu iwe maegesho ya malori, sehemu ya chini iwe viwanja vya nyumba za matofali na bati, na kaya tisa zenye tembe zihame kupisha. Maoni hayo yanasubiri kupelekwa wilayani. Yakifika huko yakionekana kuwa ni sauti ya kijiji kizima, mama yangu hana nyumba. Sina sababu nyingine ya kuandika, na hiyo inatosha.

Kwanza nieleze ninakoishi, maana wengi wenu mnajua tu kwamba nilipangiwa kazi mbali. Mji huu uko mpakani. Malori hufika hapa kutoka bandarini, husubiri kuvuka, na kusubiri huko kunaweza kuchukua siku kadhaa. Nilipohamia, mtaa wetu ulikuwa umepakana na shamba la mahindi. Shamba likafanywa maegesho, na tukaambiwa, kama mnavyoambiwa ninyi, kwamba sasa malori hayatasimama tena ovyo. Maegesho yalijaa kabla msimu mmoja wa mvua haujaisha. Malori yaliyokosa nafasi hayakurudi yalikotoka. Yaliingia mitaani.

Mwezi uliopita, saa tisa alasiri, jirani yangu Sekela alishikwa na uchungu. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na mumewe alikuwa safarini. Nikaita bajaji. Bajaji ikafika mpaka mdomo wa uchochoro ikakwama hapo, kwa sababu lori lilikuwa limelala pale kama tambarare yote ni yake. Dereva alikuwa amechuchumaa kando ya tairi, anasonga ugali.

"Kaka, sogeza gari, kuna mgonjwa."

"Mwalimu, nisogeze niende wapi? Mbele lori, nyuma lori. Labda niruke."

"Uliingiaje basi?"

"Niliingia nafasi ikiwepo. Kama wewe ulivyopanga chumba nafasi ikiwepo."

Nilitaka kumjibu jambo ambalo mwalimu hapaswi kulisema. Lakini alimwona Sekela ameegemea ukuta wangu, akaacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbia kwa muuza maji na kurudi na mkokoteni. Tulimpandisha Sekela, tukatandika kanga zangu mbili, na dereva ndiye aliyesukuma. Njia nzima Sekela alimfokea, "Polepole wewe! Mimi si gunia la saruji!" Naye akajibu huku anahema, "Nisamehe mama, saruji haina mdomo." Mtoto alizaliwa barazani mwa zahanati, nesi akiwa bado anavaa glavu. Ni mzima, ni wa kiume, na ana sauti kama ya kaka Elia.

Dereva yule hakuwa mtu mbaya. Aliporudi, ugali wake ulikuwa umeungua, akaula hivyo hivyo. Simlaumu. Nawalaumu watu walioketi mahali, wakachora mstatili kwenye karatasi, wakasema eneo linatosha, bila kuuliza wanaoishi pembeni ya mstatili watapita wapi.

Sasa nimwelekee kaka, ambaye anasoma haya akiwa amesimama. Tulizungumza kwa simu, na nitayasema maneno yako mwenyewe ili usionewe. Ulisema, "Mwalimu, wewe uko mjini. Umeme unao, bomba unalo, bati kichwani. Sisi tubaki kwenye tembe ili wewe ukija likizo upige picha?"

Nikakwambia, "Kaka, mjini nimepanga chumba. Nikifukuzwa kesho, nyumba niliyo nayo duniani ni tembe la Mama."

Ukacheka. "Basi watu watakula maendeleo, wewe utakula kumbukumbu."

Neno hilo lilikuwa tamu, nami nilicheka pia. Lakini hoja zako nyingine zilikuwa za kweli, na mtu mwenye haki lazima azikiri. Ni kweli malori yanasimama kwenye bega la barabara, na gari likitokea kwenye kona halina pa kukwepea. Ni kweli shangazi yetu anauza kuku na asali kwa madereva hao, na wakiondoka, soko lake linaondoka. Ni kweli wasafiri wanaokwenda njia panda ya Mkiwa wanapita kijijini kwetu bila hata kujua wamekipita. Maegesho yanahitajika. Nyumba bora zinahitajika. Mama mwenyewe anataka bati. Ameliomba kwa miaka, na akilipata atalisifu mpaka mtachoka.

Ninachokikataa ni mahali, na ninachokikataa zaidi ni namna.

Tuanze na mahali. Kwenye ramani mliyochorewa, njia ya ng'ombe imeandikwa kuwa barabara ya kuingilia malori. Njia ile ni ya vitongoji viwili. Ng'ombe wakifungiwa njia hiyo watafika lamboni kwa kuzunguka kwenye lami. Nani atasimama mbele ya lori lenye tela, alize mjeledi, na kulisubirisha mpaka mitamba imalize kuvuka? Ninyi mnaosema malori ni hatari barabarani, mnataka kuyapelekea na mifugo. Na upande wa pili wa barabara kuu lipo lile shimo kubwa lililoachwa na wajenzi wa barabara walipochimba kifusi. Halina nyumba, halina shamba, halina kaburi, na chini ni pagumu kama sakafu. Liliwahi hata kutembelewa na wajumbe? Kaka, unaweza kuwajibu watu kabla hujaendelea kusoma. Nitasubiri.

Sasa namna, na hapa lazima nijishitaki mwenyewe.

Mtakumbuka mkutano wa likizo ya mwisho wa mwaka, niliokuwepo. Tuliitwa kujadili ukarabati wa josho la kuogeshea ng'ombe. Kama ilivyo desturi yetu, karatasi ya mahudhurio ilizungushwa, kila mtu akaandika jina na kuweka sahihi. Waliokuja bila miwani waliandikiwa. Juu ya karatasi hapakuwa na kichwa chochote. Mimi ninayefundisha watoto wa watu somo la uraia, ninayewaambia wasitie sahihi wasichokisoma, nilitia sahihi karatasi isiyo na kichwa nikiwa nazungumza na shangazi kuhusu bei ya vitunguu.

Josho tulilijadili mpaka wingu likafunga upande wa mashariki. Watu wakaanza kuinuka. Hapo mwenyekiti akafika kwenye mengineyo, akasema, "Kuna na suala la maegesho na viwanja, wataalamu wataliangalia." Kisha akasema, "Basi tujipongeze." Tukapiga makofi, kama tunavyopiga kila mkutano unapokwisha, kwa sababu desturi yetu mkutano haufungwi kimya, na siku ile mvua ilikuwa inatukimbiza. Mimi nilipiga kwa nguvu. Niliyaona matone ya kwanza vumbini.

Nakala ya muhtasari ninayo sasa. Imeandikwa: wananchi waliridhia kwa makofi. Na karatasi ya mahudhurio imeambatishwa nyuma yake kama orodha ya walioridhia. Jina la Baba ni la kumi na moja. Langu linalifuata.

Sisemi kuna mwizi hapa. Huenda aliyeandika aliamini hivyo, kwa kuwa makofi aliyasikia. Lakini nasema, kwa utulivu na bila kuogopa mtu, kwamba makofi yale hayakuwa ridhaa. Sheria haigawi ardhi ya kijiji kwa makofi ya watu wanaokimbia mvua. Inataka jambo liletwe mkutanoni, lielezwe, liulizwe, likubaliwe au likataliwe. Ninyi mlioketi hapo ndio mkutano. Halmashauri ina maoni. Uamuzi ni wenu.

Kwa hiyo, ndani ya bahasha hii mtaona karatasi ya pili. Imeandikwa kwamba mimi, Yunisi binti Nathanaeli, nilihudhuria mkutano wa josho, sikuridhia maegesho wala kuhamishwa kwa kaya yoyote, na nataka maelezo haya yaingizwe kwenye kumbukumbu za kijiji. Nakala nimeituma wilayani mwenyewe, kwa jina langu kamili. Kama kuna atakayekasirika, anikasirikie mimi. Namba yangu ya simu kaka anayo. Sijawatumia maneno ya kunong'ona.

Nawaomba leo, kabla ya ajenda nyingine, muhtasari ule usomwe wote. Kila jina liitwe. Anayeitwa asimame aseme kwa mdomo wake kama aliridhia au la. Atakayesema aliridhia, aheshimiwe, maana ni haki yake. Asiyekumbuka aseme hakumbuki. Baba, najua goti linauma. Ukiitwa, simama hivyo hivyo.

Limebaki moja, nalo haliwezi kungoja wilaya. Mama ameambiwa kwamba nyumba yenye alama ya X isiguswe. Kila mwanamke aliyeketi hapo anajua maana yake. Tembe lisilokandikwa kabla ya masika linavuja, udongo wa paa unashuka, na mwezi wa tatu linakaa chini lenyewe. Halafu mtu atakuja na daftari aandike kwamba nyumba ilikuwa mbovu. Hapana. Hakuna karatasi halali inayomkataza mama yangu kukandika ukuta wake, na kama ipo, isomwe leo, nami nitaijibu.

Mnisalimie shangazi yangu muuza kuku, ambaye najua atauliza kama nimemtaja. Mnisalimie mjomba mchungaji wa ng'ombe, mkwe wetu fundi wa baiskeli, na mwalimu wangu wa darasa la nne aliyenifundisha kusimama wima ninapozungumza. Salamu za pekee kwa mdogo wangu Rehema, aliyenitumia ile picha ya ukuta, asigombezwe. Nawe kaka Elia, nakushukuru kwa sauti yako. Hatukubaliani, lakini ni wewe uliyenibeba mgongoni kuvuka korongo nilipokuwa nasoma shule ya msingi, na hilo hakuna ramani inayoweza kulifuta.

Mama, kandika. Anzia ukuta wenye rangi nyekundu. Waalike akina mama kama kawaida yetu, Jumamosi baada ya mkutano huu, na kaka Elia achote udongo, maana yeye naye alizaliwa ndani ya nyumba hiyo. Atakayetaka kuwazuia, mpeni ndoo.

Nami nabaki kwa heshima na mapenzi, mtoto wenu asiyehama,

Yunisi