Wanaokula Chungu Kimoja

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na suruali uliyonishonea bado haijaachia uzi. Uliniuliza hiyo sosholojia inafundisha nini hasa.

Juzi tulifundishwa kuhesabu kaya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kila mwanafunzi akapewa fomu ajaze ya kwao. Nikaandika watatu: wewe, Mama na mimi, maana dada alipopata mimba ulisema si mwanao tena. Mwalimu akanirudishia. “Huko huishi siku hizi. Andika unaokula nao sasa.”

Baba, usinikasirikie. Nilikudanganya niliposema nakaa hosteli. Nakaa kwa dada. Anafua nguo za watu, ananipikia, na kila jioni ananiuliza kama kile kikohozi chako kimepona.

Basi fomu nimeijaza upya, na bado tuko watatu. Wa tatu ana miezi minane na masikio yako yaleyale, yamechomoza hivyohivyo.

Palipoulizwa mkuu wa kaya, nilitaka kumwandika dada. Alininyang’anya kalamu, akaandika jina lako.

Msalimie Mama.

Mwanao wa mwisho