Bakari Atanitambua

Jumatatu, 7 Julai
Nimemeza kidonge kwa chai ya rangi. Nimechekecha hina, nimekanda. Hakuna bibi harusi, hakuna mteja. Jirani yangu Mama Fatu kanieleza bila kunitazama: Bakari wa pikipiki anatangaza kijiweni kwamba nina ukimwi, kaona kopo la dawa ndani kwangu.

Bakari! Aliyekuwa akiingia kwa mlango wa uani. Nilimweleza kwa mdomo wangu: hii kinga, nameza ili nisiupate. Akaitikia, akaendelea kula wali wangu.

Jumanne, 8 Julai
Nimefahamu. Ijumaa anamwoa Rehema, binti wa fundi cherehani. Watu walishaanza kunong'ona kwamba anakuja kwangu mimi Zaituna, "yule Saidi anayevaa kanga". Kanipaka matope ili yeye atakate.

Sauti zake zimo kwenye simu yangu. "Zaituna wangu, Zaituna wangu." Ijumaa nitaziweka kwenye spika ya harusi, mama yake asikie. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 9 Julai
Hospitali. Kila nikienda kuchukua dawa napimwa kwanza. Bakari kwenye benchi, kofia machoni. Baba yake Rehema kataka apime kabla ya nikaha. Katoka chumbani, akashika pindo la kanga yangu.

"Zai, wameukuta. Nisitiri."

Nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi.

Nikaingia mimi. Negativu. Nilipotoka bado alikuwa pale.

"Mwambie Rehema kesho, wewe mwenyewe," nikamwambia. "Usipomwambia, atasikia kwangu."

Alhamisi, 10 Julai
Kasema. Vilio vya kwa fundi vimefika hadi hapa. Harusi imeahirishwa. Sasa wanasema mimi ndiye niliyemwambukiza. Waseme. Nimekaanga samaki changu mzima, nikamla peke yangu hadi kichwa.

Jumapili, 13 Julai
Rehema kaja. Kapiga hodi mlango wa mbele, mchana, Mama Fatu akiona. Nilijiandaa kwa matusi. Kakaa mkekani, kalia kidogo, kajifuta. Bakari ameanza dawa. Rehema bado anamtaka. Anauliza vidonge vyangu vinapatikanaje, kama vinatapisha. Nikamweleza vyote.

Nikamwambia pia: mimi sijamsamehe Bakari. Akasema naye bado.

Kesho nampeleka kwa nesi.

"Nipitie asubuhi, shoga," kasema akijifunga buibui. Kama wanawake wanavyoitana.